Ngazi ya alumini kupasuka kwenye mshono: tazama fito kabla ya kuongeza moto

Kaka, umesema ngazi ya boti, ya bomba la alumini, umeichomelea kwa TIG (tochi ya umeme yenye gesi ya kukinga) zaidi ya mara moja na kila ikipoa inapasuka katikati ya mshono. Wenzako wanakwambia uongeze moto. Mimi nachomelea vyombo vya baharini huku Mtongwe, Mombasa, na kazi za namna hiyo naletewa sana. Hapo ukiongeza moto unajiongezea taabu.

Swali langu la kwanza: ulijazia fito gani, yaani ule waya wa kuyeyushia kwenye mshono? Wengi hujibu, "nilikata ukanda kwenye bomba lenyewe." Basi ndiyo hiyo. Mabomba haya mengi ni aloi ya 6061 au 6063, yenye magnesi na silikoni kidogo, na uchache huo ndio unaoleta nyufa. Alumini ikiganda husinyaa kwa takriban asilimia 6. Chembe zinakuwa zimeshaganda, lakini baina yake bado pana utando mwembamba wa majimaji. Kingo zikivutana, utando unaachia, ufa ushaingia. Fito ya 4043 ina silikoni kama asilimia 5, nayo 5356 ina magnesi kama asilimia 5. Yoyote kati ya hizo inautoa mshono kwenye kiwango kile kibaya. Kwa ngazi ya kukanyagwa mimi huchukua 5356 kwa sababu ina nguvu zaidi, ingawa 4043 hutiririka vizuri na humsamehe fundi mgeni.

Lakini fito nayo lazima ipate pa kuingia. Ukibananisha kingo mbili butu, dimbwi lote la alumini iliyoyeyuka linakuwa bomba tupu, fito imeonja tu. Chonga mfereji wa V baina ya kingo kwa grenda, kisha ulishe fito kwa ukarimu mpaka mshono utoke na mgongo. Mshono uliobonyea katikati usiuamini hata ukiwa unang'aa.

Halafu tazama pale unapomalizia. Ukiinua tochi ghafla kunabaki kishimo, na ukikichungulia vizuri utaona ndani yake ufa wa nyota, mwembamba kama unywele. Mzigo ukija, ufa unaanzia hapo na kukimbia mshono mzima. Punguza umeme polepole kwa pedali, ongeza tone moja au mawili ya fito, rudi nyuma kidogo juu ya mshono, ndipo uzime. Usiondoe tochi mpaka gesi inayoendelea kutoka baada ya kuzima iishe.

Usafi mnaujua: asetoni kwanza, kisha brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Ule utando wa oksidi huyeyuka zaidi ya nyuzi 2,000, alumini yenyewe 660, ndiyo maana tunatumia umeme wa AC, unaouvunja utando huo. Kwa hewa yetu ya pwani, fito zilizoachwa wazi hushika unyevu na mshono hujaa vitundu. Na kusi ikivuma, usichomelee uwanjani bila kizuizi, argoni, ile gesi ya kukinga mshono, yote itapeperushwa.

Kuhusu ufa uliopo sasa: usipitishe moto juu yake. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa, saga mshono wa zamani wote mpaka ufike alumini safi, ndipo uanze upya. Acha kipande kimoja huru kijongee kinapopoa, maana ukikibana pande zote kitajirarua chenyewe. Na jua kwamba 6061 iliyotiwa ugumu wa T6 hulainika kandokando ya mshono, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo weka kiimarisho pale mguu unapokanyaga.

Ukipewa bati la boti la aloi ya 5083, fito ya 4043 iweke mbali, tumia fito ya 5356 au 5183. Na kama kipande kimeandikwa 7075, aloi isiyofaa kuchomelewa, rudisha tochi mahali pake ukakifunge kwa bolti.