Maswali na majibu: Gesti ya zamani, bei ya leo

Barua za safari hii nyingi zinahusu zile gesti za matofali mekundu za enzi za Wabelgiji hapa Kongo, njia ya Likasi, ya Kasenga na kule Lufira. Kiangazi kinakaribia na watu wa Lubumbashi wanatafuta pa kukimbilia. Waliouliza kama barabara ya vumbi inapitika kwa gari dogo wakati wa mvua, hilo nilikwisha kulijibu, na mvua haijabadili tabia.

Mama wa Kampemba: "Tumetumiwa picha za gesti moja upande wa Mwadingusha. Baraza pana, bustani, viti vya matete. Tupeleke watoto?"

Mama, picha hizo ni za lini? Hilo ndilo swali la kwanza, na sielewi kwa nini kila mara mpaka niliulize mimi. Baraza hupigwa picha kwa sababu ndiko kusikovuja. Mwambie anayewapokea apige picha tatu leo hii kwa simu yake: choo, dari ya chumba mtakacholala, na bomba likiwa wazi. Akisema simu haina chaji, umekwisha kujibiwa.

Mahali penyewe ni pazuri, sikatai. Bwawa la Mwadingusha lilimalizika 1930, na maji yaliyojaa nyuma yake ndiyo ziwa Tshangalele, lenye ndege wa kumshughulisha mtoto mchana kutwa. Lakini ziwa halikulazimishi kulala kando yake. Nendeni asubuhi, mle samaki, jioni mrudi kulala Likasi. Na watoto wasiogelee: kichocho hakijui kama mko likizo.

Baba wa Katuba: "Nililipa dola 70 kwa usiku, siku tatu, kwa chumba walichokiita cha historia. Maji ya moto yakaja kwa ndoo. Naweza kurudishiwa pesa?"

Hapana, Baba, kwa sababu ulilipa siku zote tatu kabla hujavua viatu.

Ndoo yenyewe si tusi. Wengi wetu tunaoga kwa ndoo na tunatoka safi. Tusi ni kulipishwa bei ya bomba kwa maji ambayo kijana ameyachemsha kwa makala (makaa) tangu alfajiri, na kijana huyo asione hata faranga moja ya zile sabini. Dawa yake ni ile ile ninayoirudia mpaka nachoka: omba kuona chumba kwanza. Fungua bomba usubiri. Maji mekundu yakitoka kidogo halafu yakasafika, ni kutu ya usiku. Yasiposafika, tangi halijaoshwa. Lala chali kitandani kabla ya kuandika jina kwenye daftari. Lipa usiku mmoja tu, udai risiti, na bei ya usiku wa pili muizungumze asubuhi, ukiwa umekwisha kuona yote.

Na dola zako ziwe nzima. Noti yenye mchaniko mdogo pembeni inakataliwa kule kama inavyokataliwa hapa mjini, ila kule hakuna wa kukubadilishia.

Kijana wa mtaa wa Golf: "Kuna wifi?"

Hakuna.

Mwanafunzi wa Ruashi: "Niliuliza kwa nini ukuta wa chumba umeota ukungu. Meneja akasema jengo ni la miaka ya 1930, ni la historia, lazima lipitishe maji. Ni kweli?"

Si kweli, na ni uongo ninaousikia kila gesti. Ukuta wa aina ile hujengwa kwa matofali ya kuchoma, mara nyingi ya udongo wa vichuguu, vile virefu vya msitu wetu, na chokaa laini katikati. Paa hutokeza mbele ili mvua iangukie mbali. Ukuta kama huo huloa na kukauka bila kuugua. Shida huanzia kwenye mfereji wa paa. Majani ya mwembe yanaujaza, mvua inaanza mwezi wa kumi na moja, maji yanafurika mahali pale pale mpaka mwezi wa nne, yanazama kwenye msingi, kisha yanapanda ndani ya tofali.

Mwenye nyumba naye hapandi kutoa majani. Anapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili Krismasi ikute ukuta unang'aa. Sasa maji yamefungiwa ndani, hayana pa kutokea, na tofali linaanza kumung'unyika nyuma ya rangi. Gusa hapo kwa kidole utasikia mchanga ukianguka. Kazi iliyohitajika ilikuwa ngazi moja na mtu mmoja, asubuhi moja ya Oktoba. Miaka ya 1930 haina kosa hapo.

Ukifika gesti yoyote, kabla ya kuuliza vyumba, tazama juu. Kama nyasi zimeota kwenye mfereji, geuza gari.

Mama wa Kamalondo: "Tuliagiza saa sita, chakula kikaja saa tisa, kuku mgumu. Na menyu ina vyakula zaidi ya thelathini!"

Menyu hiyo naijua. Jalada la plastiki lililopasuka, majina ya Kifaransa yaliyopigwa kwa taipu, na bei zimebandikwa vipande vya karatasi kimoja juu ya kingine. Iliandikwa wakati friji ilikuwa inafanya kazi. Wewe ukaagiza kuku, Mama, na kuku wako wakati huo alikuwa bado anatembea uani. Jikoni kuna mbabula (majiko ya makaa) mbili, sufuria tatu na mpishi mmoja. Kungoja muda wa saa tatu ni haraka.

Usiombe menyu. Nenda jikoni, salimia, uliza: leo kuna nini? Kuna samaki, kuna sombe (kisamvu) au lengalenga (mchicha), kuna bukari (ugali), na wakati wa mvua kuna bowa (uyoga) ambazo mjini utazinunua ghali na zimenyauka. Agiza asubuhi kabla ya kwenda kutembea, uache na pesa kidogo ya soko. Samaki mtazame kabla hajaingia kwenye mafuta: macho yawe maangavu, matamvua mekundu. Ukiambiwa jenereta huwashwa jioni tu, achana na nyama ya friji na kila kitu chenye mayonezi.

Mpishi wa gesti hizi mara nyingi ndiye mtu bora katika nyumba nzima. Tunamharibia sisi tunaomlazimisha apike bifteki.

Dada wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: "Babu yangu alifanya kazi jikoni katika gesti moja njia ya Bukama. Anasema zamani ilikuwa inang'aa. Kwa nini sisi tumeshindwa?"

Dada, msalimie sana mzee. Kisha muulize alikuwa anapitia mlango gani, na chakula kikibaki mezani alikila wapi. Sakafu iling'aa kwa sababu watu kama yeye walipiga magoti kuisugua, na kwa ubaguzi wa enzi ile chumba asingepewa hata angekuwa na pesa mkononi. Anayo haki ya kujivunia kazi yake. Sisi hatuna haki ya kuutamani utaratibu ule.

Halafu tazama nani alikuwa analala pale. Reli ilifika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) 1910, ikafika Bukama 1918. Maofisa, wafanyabiashara na watu wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, walikuwa wakisafiri polepole, na usiku uliwakuta njiani. Ukaja uhuru wa 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963, na wengi wa wateja hao wakaondoka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitachukuliwa, na nyingi zikaangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuziendesha. Uporaji wa 1991 ukabeba mashuka na masinki. Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, nayo ikaanguka. Leo mtu anatoka Likasi, kilomita kama 120, anakula mchana Lubumbashi. Alale njiani kwa nini?

Hayo yanaeleza mengi, lakini simwachii mwenye gesti wa leo. Anayekusanya dola sabini kwa usiku, akanunua gari na asinunue kifuniko cha choo, asijifiche nyuma ya Mobutu.

"Matabishi ni lazima?" (yaani bakshishi; hakutaja anapokaa)

Si lazima. Toa, na umpe mkononi aliyekubebea ndoo, usiache kaunta.

Baba wa Kampemba: "Juni kule ni baridi sana. Chumba kina bomba la moshi la zamani. Tuwashe moto?"

Msiwashe. Bomba lisilotumika miaka mingi lina nyuki au viota, na moshi utawarudia usiku. Wakiwaletea mbabula ya makala iwe chumbani, ikataeni kabisa, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Makala huua watu waliolala, bila harufu na bila kelele, na kila kiangazi kuna anayefikiri kwake itakuwa tofauti. Bebeni mablanketi. Bebeni na chandarua, chao kina matundu.

Ndugu wanne wa mjini: "Tunataka kununua gesti moja ya zamani tuikarabati. Mwenyewe ana karatasi ya 1956."

Karatasi ya 1956 inasema nani alikuwa nayo 1956. Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya Serikali. Mnachoweza kupata ni haki ya kuitumia, pamoja na jengo lililo juu yake. Nendeni wenyewe kwa konservatere (msajili wa ardhi) wa eneo hilo mkaone cheti cha usajili kina jina la nani, msimtume komisionere (dalali). Warithi wote watie sahihi, pamoja na yule anayeishi Kolwezi ambaye mnaambiwa "hana shida". Mzungumzeni na chifu kuhusu njia na chemchemi, kwa sababu wanakijiji wanazitumia.

Kisha pitieni kadastri ya migodi, ofisi yenye daftari la vibali vya migodi. Huku ni Katanga: inawezekana kabisa chini ya baraza lenu kuna mtu mwenye kibali cha kutafuta shaba. Mkikuta jina lake, tieni wakili katika hesabu zenu, au tafuteni nyumba nyingine.