Samaruc hawamwagwi tu ziwani

Umeuliza kwa nini samaruc, samaki wadogo walio hatarini kutoweka, wanaozalishwa kwenye matangi kule Valencia, Hispania, wasimwagwe tu katika ziwa la Albufera yaishe. Wangekufa, ndugu yangu. Maji ya ziwa lenyewe yamekuwa mazito na ya kijani tangu miaka ya 1970, kwa maji taka na mbolea, na majani ya chini ya maji yakapotea. Samaruc hutaga mayai kwenye majani hayo hayo.

Kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1921 Hispania ililetewa gambusia kutoka Marekani, samaki mdogo wa kula viluwiluwi vya mbu ili kupunguza malaria. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini gambusia hatagi, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo, na idadi yake hupanda haraka mno. Hula mayai na vifaranga vya samaruc, na huwang'ata mapezi samaruc wakubwa. Samaruc ni wa urefu wa kidole tu, atajiteteaje?

Ndiyo maana huwekwa kwenye ullals, zile chemchemi zilizo katikati ya mashamba ya mpunga, maji maangavu yakibubujika kutoka chini. Na hata huko gambusia lazima waondolewe kwanza, kisha wazuiwe wasirudi kupitia mifereji ya mashamba. Hiyo ndiyo kazi ngumu, maana jike mmoja mwenye mimba akipenya, mnaanza upya. Kuzalisha kwenye matangi ni nafuu ukilinganisha.