Maswali yenu: Barua yako ina muhuri?

Wakili, kibanda changu karibu na soko la Kibuye kilibomolewa alfajiri. Askari wa kaunti walisema ni amri kutoka juu. Nifanye nini? – Mama mboga, Kisumu

Pole sana, mama. "Amri kutoka juu" si sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyotokana na kifungu hicho inakwenda mbali zaidi: ofisi ikikunyima sababu, mahakama itachukulia kwamba haikuwa na sababu ya maana, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Lakini lazima uwe umeomba. Andika barua leo, nakala mbili, uipeleke mwenyewe. Karani abaki na moja, ile yako aigonge muhuri wa tarehe.

Wiki jana mama mwingine alinionyesha kwenye simu picha ya mlango wake umepakwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Alikuwa amemwendea afisa mara nne, zote kwa mdomo. Hana karatasi hata moja ya kumwonyesha jaji. Iliniuma.

Na kama kaunti ina ngazi ya rufaa, anzia huko, la sivyo jaji atakurudisha.

Maji machafu yanamwagwa mtoni huku Obunga. Mimi ni mpangaji tu, naweza kushtaki?

Unaweza. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda kortini kuitetea bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kesi ilitupwa kwa kuwa hakuonyesha alivyoumia yeye binafsi. Leo kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uonyeshe hasara yoyote.

Kufungua kesi ya maslahi ya umma ni pesa ngapi?

Swali hili tena! Kifungu cha 22 kinasema kesi ya haki za msingi isitozwe ada ya kufunguliwa. Hata barua ya kawaida yaweza kupokelewa. Wakili na nauli ni mambo mengine. Akija mtu mtaani kuwachangisha mia mbili mbili "za faili", mdaini risiti ya mahakama.

Mradi jirani ulipewa leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, mwaka jana. Tunamngoja mbunge. – Nakuru

Rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ni ndani ya siku 60. Zimepita mkingoja. Mlichobakiwa nacho ni ombi la kikatiba katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Nakuru, na jaji atawauliza mlikuwa wapi. Kama mchanga umeshamwagwa, ombeni amri ya kusimamisha ujenzi siku hiyo hiyo.