Kereng'ende yule hakuwa amekufa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, ile picha ya kereng'ende aliyesimama kichwa chini mkia juu, ulitumia kamera gani? Na ulimfanya nini mpaka akatulia vile?"

Swali la kwanza ni jepesi. La pili limenichoma, ingawa najua hakukusudia.

Picha hiyo niliwahi kuipeleka kwenye shindano. Sitalitaja. Siku ya kutangaza matokeo tulikaa ukumbini, watu kama thelathini hivi, mimi safu ya tatu na shati nililolipiga pasi mara mbili. Jaji akaikuza ukutani, akaitazama, akacheka kwa pua. "Huyu mdudu kafa zamani," akasema. "Kachomekwa kwenye kijiti. Mdudu mzima hakai hivi." Ukumbi ukaangua kicheko. Picha ikatolewa kwa kosa la udanganyifu.

Sikufungua mdomo. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikujitetea, na leo nitasema ukweli. Miezi miwili kabla ya siku ile nilikuwa nimedanganya kweli, ila kwa picha nyingine. Nilimnasa kereng'ende wa kibuluu, nikamtia kwenye kopo la Blue Band, nikamweka kwenye friji karibu na nyanya za mke wangu. Akazubaa kwa baridi. Nikampandisha kwenye ua la yungiyungi nililoling'oa mwenyewe, nikapiga picha arobaini kwa raha zangu. Alipopata joto alijaribu kuruka, akaangukia sakafuni. Picha ilisifiwa kila nilipoionyesha. Kwa hiyo jaji aliponiita mwongo, mdomo ulikuwa mzito. Alikosea picha, hakukosea mtu.

Sasa ile ya kweli. Nilikuwa Bwawa la Mindu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mwezi wa kumi, wakati jua la saa sita liko utosini kabisa. Kuanzia saa mbili asubuhi nilikuwa namwangalia dume mmoja mwekundu, wa jamii ya Trithemis, kwenye kijiti kikavu kilichochomoza majini hatua tatu kutoka ukingoni. Asubuhi alikaa mlalo, kama wote wanavyokaa. Jua lilipopanda, mkia nao ukaanza kupanda. Saa tano ulikuwa umeinuka nusu. Saa sita na nusu ulisimama wima, ncha ikilitazama jua, na kivuli chake, ambacho asubuhi kilikuwa kirefu kama kijiti cha kiberiti, kilibaki doa dogo tu.

Hapo ndipo nilipoelewa: anakwepa kuungua. Akikaa mlalo jua linampiga mgongo mzima. Akisimama hivyo linapata ncha ya mkia na sehemu ndogo tu ya mwili. Nikafunga kofia yangu kwenye fimbo, nikamkinga. Akakaa kidogo, mkia ukashuka. Nikaondoa kofia, ukapanda tena. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu akachoka na mimi, akaruka. Laiti ningemwambia jaji habari ya kofia! Maneno mazuri huja ukiwa umeshapanda daladala.

Haya, ushauri. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ya milimita 300, kasi 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi nimelifunga hadi f/8. Basi. Ukiwa na simu tu, utasogea zaidi, na utasubiri zaidi.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Kereng'ende wa aina hii ana kituo chake. Anatoka kufukuza mbu au dume mwenzake, anarudi palepale. Yule wa Mindu nilimhesabia safari kumi na mbili kwa nusu saa, na mara kumi alirudi kwenye kijiti kilekile. Kwa hiyo usimkimbilie. Akiondoka, lenga kijiti, pata ukali wa picha, tulia. Atarudi mwenyewe. Akitua hupeleka mbawa mbele kwa vipande, kama mtu anayeshusha mabega. Piga baada ya hapo. Na mtazame kichwa: akikizungusha juu kwa ghafla, kaona chakula, anaondoka sasa hivi. Kivuli chako kisimguse. Piga magoti. Subiri.

Wapo wasiohitaji kusubiriwa. Brachythemis, wale ambao madume yao yana utepe mweusi mpana kwenye mbawa, watakufuata wewe. Tembea taratibu kwenye nyasi fupi za ukingoni, miguu yako inaamsha vijidudu, nao wanavila. Jioni ile walinisindikiza kama kumi hivi hadi kwenye pikipiki, nikisimama wanatua chini, nikienda wanaondoka nami. Niliwaonea aibu, nilivyokuwa nimebeba kopo langu kabla ya hapo.

Ila wale wa manjano wanaojaa viwanja vya mpira mvua za vuli zinapoanza, Pantala, hao siwezi kukusaidia. Mchana hutua kwa nadra sana. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba wanatoka India, wanapita visiwa vile na kuvuka bahari hadi huku kwetu kwa msaada wa pepo. Mdudu wa kuvuka bahari kama jahazi atatulia vipi kwa ajili yako?

Najua ninyi mnaonisoma mnataka picha zenu ziende mbali, nami natamani hivyo hivyo. Lakini vijana, acheni friji. Acheni gundi na pini. Mdudu uliyemgandisha anakaa unavyotaka wewe, na unavyotaka wewe umeshaviona kwenye picha za wenzako. Nunua daftari la shilingi mia tano, andika saa, jua liko wapi, mkia uko wapi. Subiri. Narudia, subiri. Yule jaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajawahi kukaa ukingoni mwa bwawa saa sita mchana.

Mwezi uliopita picha ya Mindu imekubaliwa kwenye maonyesho, na chini yake wameniruhusu niandike mistari miwili juu ya jua na mkia. Nimefurahi, sitaficha.

Ile ya friji iko sebuleni kwa mama mkwe. Aliipenda, akaiwekea fremu ya dhahabu. Kila tukienda kumsalimia anawaita majirani waje waione, na mimi nakunywa chai yangu, naangalia zulia.