Saa kumi alfajiri mlimani mwili wa mgeni umelala hata kama miguu inatembea

Wadau mnaopandisha wageni, na nyie wa kazi za usiku hapa Moshi, walinzi, mapokezi hotelini, hii inatuhusu wote.

Tukitoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, saa sita usiku wageni wengi wana nguvu, wanapiga stori, ila ikifika kwenye saa kumi alfajiri unakuta mtu kakaa kwenye jiwe kichwa chini, glovu imemdondoka wala hana habari, ukimsemesha anajibu neno moja. Tunasema baridi na hewa nyepesi, na ni kweli kabisa, lakini kuna na saa ya mwili, hiyo huwa hatuisemi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna seli kama elfu 20 hivi zinazoupangia mwili muda wa kuchangamka na muda wa kulala, na kwa mtu aliyezoea kulala usiku joto la mwili linashuka chini kabisa mida hiyohiyo. (Akiyumba au akiongea vitu havieleweki hapo usiseme ni usingizi, huyo ni wa kushushwa haraka.)

Kinachoiweka sawa hiyo saa ni mwanga. Kuna Mfaransa anaitwa Michel Siffre, mwaka 1962 alikaa pangoni miezi miwili bila saa wala jua, siku anatolewa ilikua tarehe 14 Septemba yeye anajua ni 20 Agosti. Ndo maana jua likichomoza mkiwa Stella Point, pale ukingoni mwa kreta karibu na kilele, mgeni anachangamka ghafla, njia ni ileile na hewa ni ileile!

Sasa mimi navyofanya, siku ya kwenda kileleni chakula cha jioni kinaliwa mapema, saa moja watu wako kwenye mahema na taa zimezimwa, na kahawa mwisho mchana wakati wa lanchi maana inakaa mwilini masaa mengi. Simu nawaomba kabisa waziweke mbali, maana nazo ni mwanga.

Halafu mgeni wa kutoka New York jamani msimpokee uwanja wa ndege KIA usiku kesho yake asubuhi yuko getini. Kwao wako nyuma yetu masaa 7 au 8 na mwili unajirekebisha kama saa moja tu kwa siku, kwahiyo usiku wa kwanza mlimani anakodoa macho kwenye hema, mchana anasinzia njiani. Mshawishi alale Moshi siku mbili, atembee nje mchana, hata mkienda tu Materuni kwenye maporomoko inatosha. Kampuni zingine zinaona ni gharama, mi naona ni heshima kwa mtu aliyetunza hela miaka kuja kupanda.

Kwa mlinzi unayetoka lindo saa kumi na mbili asubuhi ni kinyume chake, vaa miwani ya jua njia nzima mpaka nyumbani, tundika khanga mbili dirishani ulale hapohapo, usianze kuzunguka juani kwanza.

Na ukishuka mlima ukatokea geti la Mweka usilale mchana kutwa, jinyooshe kidogo tu, amka, kaa nje mpaka jua lizame.