Hiyo Vitz uikute imelala

Mkuu, usitume hiyo laki tano. Umesema umeuza korosho, uko Masasi, dalali wa Dar amekurushia video ya Toyota Vitz nyu modo "injini cherehani", na anataka advansi kabla ya Jumapili eti kuna mteja mwingine anaivizia. Hiyo video nimeiangalia mara tatu. Inaanza gari ikiwa tayari inawaka. Mwili ulinisisimka, maana mimi nilinunua gari ya aina hiyo hiyo, rangi ya fedha hiyo hiyo, na nilipofika yadi niliikuta inawaka hivyo hivyo.

Nilikuwa na milioni saba na haraka ya mtu ambaye hajawahi kumiliki hata bodaboda. Shemeji yangu wa Mbagala akaniambia anamjua dalali mmoja mcha Mungu. Nikapanda basi kutoka Mtwara, nikalala kwa shemeji, saa nne asubuhi tuko yadi. Dalali kasimama getini anacheka, gari iko kivulini, injini inaunguruma, redio inaimba. "Nimewapashia kabisa, msipoteze muda." Nikamshukuru! Mtu ananishonea sanda, na mimi nampa asante.

Usije ukauliza kama nilikuwa na fundi. Nilikuwa naye. Wa dalali. Alichomoa dipistiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa, akakanyaga mafuta mara mbili, akainamisha sikio kama daktari, kisha akatoa hukumu: "Injini hii haijawahi kufunguliwa." Nikamlipa elfu thelathini. Tukazunguka mitaa miwili, tukarudi, nikahesabu milioni sita na nusu.

Sasa sikia ule moto ulikuwa unaficha nini. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ilikuwa imeanza kupitisha maji. Gari yenye maradhi hayo ikilala, maji yanachuruzika kidogo kidogo mpaka ndani ya silinda. Alfajiri ukiwasha inamisi, inatetemeka, ekzosi inatema moshi mweupe mzito. Na Vitz ile ina silinda tatu tu (injini ya 1KR, cc 996), kwa hiyo moja ikisusa unaisikia mpaka kwenye makalio. Lakini ukiipasha dakika kumi, silinda inakauka, mtetemo unaisha, moshi unakata. Mteja anakuta gari mpole kama kondoo.

La pili ni taa ya bluu. Vitz hiyo haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Ina taa ya bluu, maana yake injini bado baridi, na nyekundu, maana yake umekwisha. Gari nzima ukiiwasha asubuhi, bluu inakaa dakika chache halafu inazima. Yangu ilikuwa imeng'olewa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ili maji yazunguke muda wote na ugonjwa usionekane kwenye safari fupi. Gari iliyong'olewa themostati inachelewa sana kupata moto, bluu inang'ang'ania, na hata ikizima inaweza kurudi ukishuka mlima. Ukiikuta imeshazimwa na moto wa dalali, umepima nini hapo?

Na la tatu, kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa ya moto hukifungui, utaungua uso. Ikiwa baridi unakifungua kwa mkono mmoja na kuona kila kitu. Yangu niliifungua siku nne baadaye, gereji, nikakuta maji ya kutu rangi ya chai ya mkandaa na juu yake utando wa oili unang'aa. Ningeuona ule utando yadi, hata mimi nisiyejua plagi ni nini ningeuliza maswali.

Tukaondoka Dar alfajiri, mimi na shemeji. Kibiti salama, Daraja la Mkapa salama, Somanga tukala samaki. Shemeji anapiga picha usukani anatuma kwenye grupu la familia. Tulipoipita Nangurukuru ikawaka taa nyekundu. Mkuu, usinicheke. Nilidhani ni hendibreki. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaipandisha tena. Shemeji akasema labda ni mkanda, tukafunga mikanda vizuri. Taa haijali. Tukaenda nayo hivyo kilometa kama kumi, tumefunga mikanda kama marubani, mpaka gari ikakosa nguvu kwenye kilima kidogo upande wa kwenda Mbwemkuru na boneti ikaanza kufuka.

Hapo ndipo nilipoongeza ujinga wangu binafsi juu ya wizi wa dalali. Nilikuwa na chupa mbili za maji ya kunywa, zimetoka kwenye friji Nangurukuru. Nikazimwaga zote kwenye injini. Ikalia "tshaaa", halafu kitu ndani kikasema "tik". Ile "tik" naisikia mpaka leo nikilala. Hedi ya injini ile ni aluminiamu. Ukiimwagia maji ya friji ikiwa imeungua inaweza kupinda, hata kupasuka. Ningeiacha ipoe yenyewe saa nzima, huenda ningeponea kwenye gasketi peke yake.

Wanasema Mtwara kuchele. Kwangu mimi kulikuchwa saa nane mchana, porini, nimeshika chupa tupu.

Alikuja kijana mmoja na Canter inayorudi tupu kutoka kupeleka mzigo. Hakutaka kutuburuza kwa kamba, akasema gari ya otomatiki ukiiburuza magurudumu ya mbele yakiwa chini unaua na gia boksi, bora tuipakie. Mungu ambariki, ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli siku ile. Akarudisha Canter nyuma mpaka kwenye tuta la kifusi pembeni ya barabara, akafungua kibao cha nyuma kikalalia tuta, tukaisukuma Vitz watu tisa. Mzee mmoja aliyetoka shambani akasukuma nasi, alipomaliza akapangusa mikono akauliza, "Hii ndiyo mnasafiria au ndiyo mnauza?"

Lindi, fundi akafungua. Oili imekuwa kama uji. Hedi imepinda. Akaipeleka ikachongwe, akaweka gasketi mpya, nikafika nyumbani. Wiki mbili baadaye ikachemka tena kwenye mteremko wa Mikindani, nikiwa namrudisha mama mkwe. Ule ufa wa "tik". Nikaagiza injini ya mtumba Dar. Canter laki mbili na nusu, gereji ya Lindi laki tatu na nusu, kuvutwa kutoka Mikindani elfu sitini, injini milioni moja na laki tatu, kusafirisha elfu themanini, ufundi laki mbili na nusu, oili na kulanti (maji maalumu ya rejeta) na mipira na themostati laki moja na nusu. Jumla 2,440,000. Hapo sijataja adha ya namba ya injini kutolingana na ya kwenye kadi, wala chakula cha shemeji aliyekaa kwangu siku tano "akisimamia".

Nilipompigia dalali mcha Mungu akaniuliza, "Uliiendeshaje?" Yaani kosa langu ni kuiendesha. Kuna kundi hapa litakuja kusema "bahati mbaya tu, gari ni gari". Hapana. Ile ilikuwa kazi ya mikono ya watu: mmoja aling'oa themostati, mmoja alijaza maji matupu kwenye rejeta badala ya kulanti, mmoja alikula elfu thelathini yangu, na mmoja aliiwasha saa tatu na nusu asubuhi ili saa nne nisione kitu. Na huyo wa mwisho ndiye aliyefanya kazi za wengine wote zifanikiwe.

Kwa hiyo gari uikute imelala. Nenda Dar, lala karibu na hapo, fika saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya salamu, weka kiganja kwenye boneti. Kisha fungua boneti ushike tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na mpira mkubwa wa rejeta. Kama kuna joto, hata la kitanda alichoamka mtu, mwambie utarudi kesho, na kesho rudi kweli. Ikiwa baridi fungua rejeta uchungulie, fungua na kifuniko cha oili uangalie kama kuna uji kwa ndani. Ndipo mwambie mwingine awashe, wewe umesimama nyuma unaangalia ekzosi. Halafu kaa ndani uihesabie taa ya bluu kwa saa. Feni ya rejeta isikie inaanza na kukata yenyewe. Ikiwa inazunguka tangu ufunguo unapogeuzwa na eisi imezimwa, wameiunga moja kwa moja, na wana sababu.

Gari ninayotumia sasa niliinunua Lindi kwa mwalimu mstaafu. Nilifika bado yuko kwenye tasbihi. Akanikuta napapasa boneti, akasema, "Kijana, haina homa hiyo." Kweli haikuwa nayo.

Mengine uliyouliza. IST au Vitz: Toyota IST ina silinda nne, na kwa ule mlima wa kupandia Newala ukitokea Masasi mimi ningechukua IST. Lakini IST ya moto na Vitz ya baridi, chukua Vitz. Rodi laisensi ya kila mwaka usiiulize, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, unailipia kwenye mafuta. Akikutajia "deni la rodi laisensi la mwaka huu" mjue huyo naye. Faini za trafiki angalia kwa namba ya gari kabla hujalipa, zinarithiwa na gari. Kadi iwe na jina la mtu utakayemwona kwa macho. Bima uliuliza ndogo au kubwa, kuhusu hilo wapo wanaojua kuliko mimi. Ulaji wa mafuta ulikuwa na swali refu, nimelisahau, na sirudi juu kulisoma kwa sababu bado naiwaza ile video.

Fanya hivi leo: mpigie dalali, mwambie unakuja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na unaomba gari isiwashwe tangu Ijumaa usiku. Halafu andika hapa alichokujibu, neno kwa neno.