"Hedishoti!" na mwiko wa ugali

SWALI

Daktari, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yupo darasa la nne. Mjomba wake alimwekea Free Fire, gemu ya kupigana risasi, kwenye simu yangu ya zamani, na jioni nikimtuma dukani anapitia banda la gemu hapa mtaani, huko wanacheza GTA, ile ya kuiba magari na kuua watu. Jumamosi iliyopita alimpiga mdogo wake wa kike, miaka 5, kwa mwiko kichwani huku anasema "hedishoti!", yaani risasi ya kichwa kama wanavyosema kwenye gemu. Palivimba. Baba yake anasema ni utoto tu, hata yeye alikua akicheza polisi na wezi kwa bunduki za mabua. Mama mkwe anasema tunalea jambazi. Je, ni kweli gemu za kuuana zinaharibu watoto? Na simu naifungaje ili asizipate? – Mama wa wawili, Mbagala

JIBU

Pole sana mama, na pole kwa binti. Kabla hatujagusa simu nina swali moja: dakika chache kabla ya ule mwiko, kijana alikuwa anafanya nini? Likumbuke vizuri jibu lake, tutalirudia.

Nianze na bibi, maana hofu yake ni ya zamani kuliko anavyodhani. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani, Joe Lieberman na Herb Kohl, waliitisha vikao vya kuwahoji wenye kampuni za gemu, sababu kubwa ikiwa Mortal Kombat, ambayo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake kichwa kikatoka na uti wa mgongo. Mwaka uliofuata ndipo ikaundwa ESRB, bodi inayopanga gemu kwa umri kule. Watoto waliokuwa wakiicheza leo wana miaka arobaini na kitu, wanalea watoto wao na kulalamika kuhusu Free Fire. Katika miaka hiyo gemu zilipozidi kuuzwa, vijana wa Marekani waliokamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu walipungua. Japani na Korea Kusini wanacheza gemu usiku na mchana, na mauaji huko ni machache mno. Ujambazi basi tuuweke kando.

Ila baba asishangilie bado.

Mtafiti hawezi kumpa mtu mwiko akasubiri aone nani atapigwa. Kwa hiyo maabara wanatumia njia za kuzunguka: unacheza gemu kwa muda, kisha unaambiwa uchague kelele kubwa kiasi gani apigiwe mpinzani wako masikioni, au pilipili kiasi gani awekewe mtu ambaye umeambiwa hapendi pilipili. Ukizidisha pilipili, wanaandika kwamba umekuwa mkali. Mimi kipimo hicho hakinishawishi sana. Kati ya kumzidishia mtu pilipili na kumshikia panga kuna safari ndefu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilirekebisha msimamo wake wa 2015, na mwaka 2020 kikasema hivi: upo uhusiano mdogo, unaojirudia, kati ya gemu za vurugu na ukali wa kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa kutumia nguvu.

Kufoka na kusukumana. Mwiko wa nyumbani kwako unakaa karibu na hapo.

Utafiti nao unavutana. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti 24 zenye washiriki zaidi ya 17,000, waliofuatiliwa kwa muda, na ukaona ongezeko dogo la kupigana kwa waliocheza gemu za vurugu. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachukua vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi kuhusu tabia zao, na vurugu za gemu wakazipima kwa madaraja rasmi ya umri badala ya kuwauliza vijana wenyewe. Hawakuona uhusiano wowote. Ukisikia wataalamu wanagombana, ujue ugomvi wao ni kati ya "kidogo" na "hakuna". Anayesema "sana" ni redio.

Kuna utafiti mmoja ambao ungenihusu zaidi kama ningekuwa mzazi wa mtoto wa miaka 9. Ulichapishwa 2019 na ulifanywa Marekani kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, wakiwa wawili wawili. Wengine walicheza au kutazama Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, yenye bunduki, wengine yenye mapanga, wengine isiyo na silaha. Kisha wakapelekwa chumba chenye vitu vya kuchezea, na ndani ya kabati wakakuta bastola mbili za kweli zilizokwisha kulemazwa. Kati ya watoto 220 waliozikuta, walioshika bastola walikuwa karibu asilimia 62 katika kundi la bunduki, 57 kundi la mapanga, na 44 kundi lisilo na silaha. Tazama hiyo ya mwisho: hata bila gemu ya vurugu, karibu nusu walishika! Kwa hiyo kama baba ni askari au mlinzi, au kuna gobole la babu chini ya uvungu huko mnakokwenda likizo, hilo lishughulikieni kabla ya Free Fire.

Sasa turudi kwa swali langu. Nimewauliza wazazi wengi swali hilo, na majibu hayatofautiani sana: alikuwa amenyang'anywa simu, au ameitwa akaoge mechi ikiwa katikati, au amekufa vibaya kwenye gemu na mdogo wake akacheka.

Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Rochester walifanya majaribio ambayo mimi nayaona bora kuliko yale ya pilipili. Walichukua Tetris, gemu ya kupanga vipande vya matofali isiyo na tone la damu, wakaiharibu makusudi ili ilete vipande visivyokaa. Waliocheza Tetris hiyo mbovu walitoka na hasira kuliko waliocheza ya kawaida. Na walipolinganisha gemu ya kuuana na ileile iliyoondolewa kuuana, kilichoamua hasira ni kama mchezaji alijiona anaweza au anashindwa. Kinachompandisha mtoto mori, kwa sehemu kubwa, ni kushindwa na kukatizwa. Damu inampa maneno ya kusema mori ukishapanda, ndiyo maana mwanao hakusema "nimekasirika", alisema "hedishoti".

Ili nisiseme nisichokijua, niliipakua Free Fire nikaicheza. Mnarushwa 50 kisiwani kwa parachuti, wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi, na mechi inakwisha kwa dakika kumi hivi. Nilijificha nyuma ya jiwe nikiamini ni pahali pazuri. Sikumaliza dakika mbili. Sauti ya mtoto, sijui wa wapi, ikaniambia masikioni, "Mzee, we mzembe!" Umri wangu aliujuaje, sijui. Lakini nilijifunza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mechi hiyo haisimamishwi. Ukiweka simu mezani ukaoge, mtu wako anasimama palepale kama mlingoti mpaka apigwe, na wenzako watatu wa kikosi wanakutukana. Kwa mtoto, kumwambia "zima sasa hivi" dakika ya nane ni sawa na kumtoa uwanjani penalti ikiwa imewekwa.

Kwa hiyo acha kuhesabu dakika, hesabu mechi. "Mechi mbili, ya pili ikiisha unaleta simu." Unamkumbusha ya pili inapoanza, si inapokaribia kuisha. Akifa dakika ya kwanza, hiyo nayo ni mechi, imeisha. Atalia siku tatu za mwanzo, ya nne atazoea. Na simu ilale chumbani kwako. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na mtoto asiyelala ni mkali hata kama anacheza bao.

Kuhusu GTA, hapo sina mazungumzo marefu: aache. Ile ambayo mabanda mengi bado wanayo, San Andreas ya 2004, Ulaya imepewa 18 na bodi yao ya PEGI, na Marekani mwaka 2005 ilipandishwa hadi daraja la watu wazima pekee baada ya kugundulika kipande cha ngono kilichofichwa ndani yake. Siogopi kwamba ataiba gari. GTA ni kejeli ya maisha ya Kimarekani. Mtu mzima anaitazama akijua anachekeshwa, mtoto wa darasa la nne anaona hivyo ndivyo wakubwa wanavyoongea na wanawake. Na usitegemee alama ya umri ikusaidie bandani. Alama inakuwa kwenye kasha la CD halisi, na mabanda yetu mengi gemu zimenakiliwa, unachoona ni orodha ya majina kwenye skrini. Nenda mwenyewe mchana, msalimie mwenye banda, muoneshe mtoto: huyu ni wa mpira tu. Wengi wao ni vijana waelewa, mpira ndio unaowaingizia hela, na hawataki ugomvi na kina mama wa mtaa.

Simu sasa. Kosa lililopo karibu kila nyumba ni kwamba simu ya zamani bado ina akaunti yako. Google inaamini anayeishika ni mwanamke mzima, inampa kila kitu. Njia ya haraka: fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia mipangilio, kisha sehemu ya familia, washa udhibiti wa wazazi, weka namba ya siri na uchague daraja la umri. Usiweke mwaka wake wa kuzaliwa, ndio atakaoujaribu kwanza. Ila njia hii ina matobo mawili. Haiondoi gemu iliyokwisha kuingia, na haizuii faili la gemu linalorushwa kutoka simu hadi simu, ambavyo nadhani ndivyo mjomba alivyofanya.

Njia imara ni Family Link, programu ya bure ya Google. Hamisha picha zako, toa akaunti yako, rudisha simu ilivyotoka kiwandani, kisha mfungulie mtoto akaunti yake kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, ukiisimamia kutoka simu yako. Hapo kila programu anayotaka kupakua inakuja kwako kuomba ruhusa, unaweka saa za simu kujifunga usiku, na unazuia programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachomfunga mjomba.

Ukiamua Free Fire ibaki kwa masharti, fanya mawili zaidi. Ingia mipangilio ya simu, programu, chagua gemu hiyo, ruhusa, uizuie maikrofoni, kisha ndani ya gemu yenyewe uzime sauti za wachezaji. Mtu mzima asiyejulikana anayeongea na mtoto wako masikioni ananitisha kuliko bunduki ya katuni. La pili ni almasi, zile za kununulia nguo na mapambo ya mchezaji. Zinanunuliwa kwa pesa halisi, kwa hiyo namba yako ya siri ya pesa za simu asiijue, hata kama huwa unamtuma kukununulia salio.

Mimi ningeiondoa mpaka afike 12 hivi na kumwekea ya mpira au ya magari, lakini huo ni uamuzi wenu wazazi, na mjomba ashirikishwe, maana marufuku ya mama inayovunjwa na mjomba ni mbaya kuliko kutokuwa na marufuku.

Ni lini umlete tuonane? Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na sharti lake si jepesi: mtu ashindwe kujizuia, gemu ipite mambo mengine yote, aendelee hata ikimharibia, na hali hiyo kwa kawaida idumu miezi 12. Mwanao hayupo hapo. Lakini ukiona anaumiza wenzake bila kujali machozi yao, anatesa paka, au ameacha kucheza na marafiki kabisa, usisubiri miezi 12. Kliniki ya afya ya akili Muhimbili inaona na watoto.

Jambo la mwisho ni la binti, ambaye katika barua yako ametajwa kama aliyevimba tu. Ana miaka 5 na bila shaka hukaa pembeni ya kaka yake akitazama kila mechi, bila mtu kumhesabia. Mechi hizo mbili zichezwe akiwa na wewe jikoni. Na kijana aambiwe amuombe radhi mdogo wake kwa jina lake, mbele ya baba, na wiki hii nzima yeye ndiye aoshe ule mwiko.